Kompyuta Ilisema Mali Imepungua, Nami Nikamwita Mdogo Wangu Mwizi

Nilitoka shifti ya usiku saa mbili asubuhi, Januari 2024, miguu imevimba na baridi ya kaskazini mwa Uingereza inakata masikio. Ndani ya basi nikafungua simu, si kusoma salamu bali kuangalia stoo. Nilikuwa nimezoea hivyo tangu Julai: silali kabla sijaona sabuni ngapi zimeuzwa Tanga. Siku hiyo mdogo wangu wa kiume alikuwa amemaliza hesabu ya mwisho wa mwaka. Aliingiza alichokikuta kwenye rafu, na programu ikalinganisha na idadi iliyokuwa nayo yenyewe. Mistari mitatu ikawa myekundu. Sabuni ya unga, pungufu pakiti 263. Sukari, pungufu kilo 74. Mafuta ya kula, pungufu lita 58. Chini kabisa jumla ya hasara: shilingi 1,169,500.

Sikupiga simu. Sikuuliza. Niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, ambamo yumo mama, wamo baba wadogo wawili na dada zetu walioko Muscat: "Naomba nielezwe mali imekwenda wapi. Mashine haidanganyi."

Aliusoma ujumbe, alama mbili zikageuka buluu. Hakujibu. Kesho yake alimkabidhi mama funguo, na stoo haikufunguliwa.

Naliandika jambo hili hapa, ingawa bado linanichoma, kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tulio nje tuna kitu nyumbani: duka la rejareja, duka la dawa, stoo ya vifaa vya ujenzi, genge la mama. Tunatuma mtaji, ndugu anasimamia, na katikati pana bahari. Zamani ulikuwa unasubiri likizo ndipo ukague daftari. Sasa kuna programu za simu zinazokuonyesha mzigo ukiingia na kutoka papo hapo, na kila wiki mtu ananiuliza ni ipi nzuri. Kabla ya kumjibu huwa namweleza kwanza yaliyonikuta.

Stoo yetu iko Ngamiani. Marehemu baba aliianza kwa magunia machache ya mchele, na mimi nilipoanza kulipwa huku nikaongeza mtaji tukauza kwa jumla: sabuni, sukari, mafuta, viberiti, chumvi, madaftari ya shule. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari kubwa la jalada gumu, mwandiko wa baba, kisha wa mama, kisha wa mdogo wangu. Daftari lilikuwa linajua fedha kuliko mali. Ukiuliza jana tuliuza shilingi ngapi, jibu lipo. Ukiuliza sasa hivi zimebaki katoni ngapi za viberiti, lazima mtu aende nyuma akahesabu. Mashine ya EFD nayo kazi yake ni risiti na kodi; haikuwa inatuambia rafu ya nyuma ina nini. Kwa hiyo mara mbili katika mwaka mmoja tuliishiwa madaftari wiki ya shule kufunguliwa, huku chumvi imejaa hadi dari.

Nikasema basi, hii ni kazi ya programu. Nilichagua moja, nikalipia, nikatuma skana ndogo ya kushika mkononi kupitia mtu aliyekuwa anakwenda. Orodha ya bidhaa niliiandaa mwenyewe, usiku, nikiwa huku, kwa kutazama picha alizonitumia mdogo wangu. Hilo la kuiandaa mwenyewe mlishike, tutalirudia.

Programu hizi, ziwe za stoo ya Ngamiani au za ghala lenye ukubwa wa viwanja vya mpira kumi, msingi wake ni hesabu ya darasa la pili. Ulianza na ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi. Kilichobaki ndicho kinachopaswa kuwa kwenye rafu. Skana inarahisisha tu kuandika. Ile mistari myeusi na myeupe iliyo nyuma ya bidhaa, msimbo pau, haina siri yoyote ndani yake: ni namba iliyochorwa ili mashine iisome haraka bila kukosea tarakimu. Mara ya kwanza ilipotumika kwenye malipo ya duka ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu. Namba inasema "hii ni chingamu ya aina fulani". Haisemi ziko ngapi, wala haijui kama panya amezitafuna.

Jambo hilo ndilo linalosahaulika. Idadi inayoonekana kwenye simu si mali yenyewe. Ni kumbukumbu ya yale ambayo watu wameyaambia mashine kuhusu mali.

Baadhi yenu mnalijua hili kwa mikono yenu, maana mnafanya kazi kwenye maghala makubwa ya Uingereza, Marekani na Ghuba. Rafiki yangu mmoja yuko kwenye ghala la aina hiyo, na siku ya kwanza alipoingia alidhani watu wamechanganyikiwa: kwenye kijisanduku kimoja kuna mswaki, kitabu cha watoto na chaja ya simu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Bidhaa inawekwa popote penye nafasi, mfanyakazi anaskani bidhaa na kuskani sanduku, na kompyuta ndiyo inayokumbuka. Amazon walikwenda mbali zaidi mwaka 2012, wakanunua kampuni ya roboti ya Kiva Systems kwa dola milioni 775. Roboti hizo fupi huingia chini ya kabati zima la bidhaa, zikalinyanyua na kulipeleka kwa mfanyakazi, badala ya mfanyakazi kutembea kutwa kulifuata.

Lakini mfumo kama huo unasimama juu ya kidole cha mtu. Ukiweka mswaki kwenye sanduku la juu ukaskani la chini, mswaki huo umepotea, japo upo. Kompyuta itamtuma mtu aufuate, hataukuta, na itaandikwa kwamba umepungua.

Na kuna la pili ambalo rafiki yangu hulisema kwa uchungu: programu inayohesabu mali haikawii kuanza kuhesabu watu. Skana inajua ameskani vitu vingapi kwa saa na amekaa dakika ngapi bila kuskani. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kutumika Januari 2022, inayotaka wafanyakazi wa maghala makubwa waelezwe kwa maandishi viwango wanavyotakiwa kufikia, na inakataza viwango vinavyowanyima mapumziko au kwenda chooni. Nilipomsikia akilalamika nilimwonea huruma sana. Sikujiona kwamba nami, kila asubuhi ndani ya basi, nilikuwa naangalia mdogo wangu amefungua stoo saa ngapi kwa kutazama dakika ya mauzo ya kwanza.

Januari hiyohiyo Uingereza nzima ilikuwa inazungumzia jambo moja. Runinga ya ITV ilionyesha tamthilia kuhusu wasimamizi wa matawi ya posta, wengi wao watu wa kawaida wenye vijiduka mtaani, ambao mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha kwamba fedha zimepungua kwenye matawi yao. Walisema hawakuchukua. Hawakuaminiwa. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walishitakiwa. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliouza nyumba ili walipe fedha ambazo hazikuwahi kupotea. Mwaka 2019 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu wa uongo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kufuta hukumu za watu hao. Chumba cha mapumziko cha wodini kwetu hakikuwa na mazungumzo mengine. Nami nilikuwa wa mbele kulaani: watu wazima, walimwamini mwenzao miaka ishirini, kompyuta ikasema neno moja wakamgeuka!

Nikainywa chai yangu. Jioni ile mama akapiga simu.

"Mwanangu, mdogo wako hali."

"Ameeleza kuhusu mzigo, mama?"

"Hujamwuliza. Umemhukumu mbele ya baba zake wadogo, sasa aeleze nini?"

Nikanyamaza. Mama akasema tu, "Haya, nenda kazini salama," akakata.

Usiku ule kazini kukatokea kitu kidogo. Dawa kali za maumivu kwenye wodi yetu zinakaa ndani ya kabati la kompyuta. Kuna aina nyingi sokoni, kama Omnicell na Pyxis, na zinafanana kwa kazi. Unaweka kidole, kabati linakutambua, unachagua mgonjwa na dawa, droo moja tu inafunguka. Kwa dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, tunakuwa wauguzi wawili. Na kabla hujatoa chochote, kabati linakuuliza: humu ndani kuna ngapi? Halikwambii lenyewe lina idadi gani. Unahesabu, unaandika ulichokiona, ndipo linalinganisha. Ni ujanja mdogo lakini wa maana sana, kwa sababu binadamu akishaonyeshwa namba 14 macho yake yataona 14 hata zikiwa 13.

Usiku ule tuliona chupa 13, kabati likaandika tofauti: pungufu moja.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho baya. Nesi niliyekuwa naye alihesabu upya. Tukafungua orodha ya miamala ya saa 24 zilizopita, tukaipitia mmoja mmoja na makaratasi ya wagonjwa. Alasiri ya jana yake mgonjwa mmoja aliandikiwa miligramu 15, na chupa zilikuwa za miligramu 10, hivyo zilifunguliwa mbili, na nusu ya pili ikamwagwa mbele ya shahidi. Karatasi ya mgonjwa ilisema mbili. Kabatini ilibonyezwa moja. Tukaandika maelezo, msimamizi akathibitisha, mambo yakaisha kwa dakika ishirini na tano. Kama tusingepata jibu lingekwenda kwa mfamasia, kisha ngazi ya juu, na huko mwisho kabisa, baada ya milango yote mingine kugongwa, ndiko kuna neno wizi. Lipo, kwa sababu wizi wa dawa hospitalini si hadithi. Ila halianzi hapo.

Nilipomaliza kuweka sahihi yangu nilibaki nimesimama mbele ya lile kabati. Kwa chupa moja ya mofini ya mwajiri wangu nilitafuta kosa kwanza. Kwa sabuni za mama yangu nilitafuta mwizi kwanza.

Asubuhi nilimpigia. Hakupokea. Nikamwandikia yeye peke yake, siyo kwenye kundi: nimekosa, naomba tuhesabu pamoja, mimi na wewe, na kosa tulitafute hata likiwa langu. Alijibu baada ya siku mbili: "Shikamoo dada. Jumamosi." Hakuongeza neno.

Jumamosi ile alisimamisha simu juu ya gunia la chumvi, video ikiwa wazi, mimi nikiwa kitandani na kompyuta magotini. Tulianza na sabuni. Nikamwambia afungue katoni moja ambayo haijaguswa, ahesabu zilizomo. Akatoa moja moja akizipanga sakafuni. Zikafika ishirini, katoni ikawa tupu.

"Ngapi?" nikauliza, ingawa nilikuwa naziona.

"Ishirini, dada. Imeandikwa hata ubavuni."

Kwenye programu katoni moja ya sabuni ile ilikuwa ni pakiti 24. Mimi ndiye niliyeandika, Julai, kutokana na picha ya katoni ya zamani. Kiwanda kilibadilisha ufungaji kuanzia mzigo wa Septemba. Tangu hapo kila mdogo wangu alipopokea katoni moja akaibonyeza kama katoni moja, kwa uaminifu kabisa, kompyuta ilijiandikia pakiti nne ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. Katoni za mtindo mpya zilikuwa zimeingia 61. Mara nne, ni pakiti 244. Nane nyingine zilikuwa zimelowa mvua ya Novemba, paa linavuja pembe ya kushoto, zikatupwa bila mtu kuziandika. Zilizobaki bila maelezo ni 11. Hadi leo hatujui zilikwenda wapi, na nimeamua kuishi nazo.

Sukari ilinifedhehesha zaidi. Mwezi huohuo wa Novemba shangazi alifariki. Mama alitoa stoo mfuko mzima wa kilo 50 upelekwe msibani kwa ajili ya chai na uji wa watu. Nani angemzuia? Na msiba huo mimi mwenyewe nilituma pole kwa simu, nikauliza kama waombolezaji wamehudumiwa vizuri, nikaambiwa vizuri sana, nikafurahi. Sikujiuliza sukari ilitoka wapi. Kilo 24 zilizobaki ni kilo moja ya nyumbani kila Ijumaa, kwa wiki 24. Ndiyo desturi ya nyumba yetu tangu baba akiwa hai: anayekula humo ndiye mwenye stoo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona haja ya kuandika.

Mafuta tuliyajua kwa kujaribu. Mdogo wangu alifungua dumu la lita 20, akapima kwa kopo lile analotumia kuwapimia wateja, hadi dumu likakauka. Yalitoka makopo 19 na tone. Baba alitufundisha kupima mpaka mdomo wa kopo, mteja aone mafuta yanacheza ukingoni, na kwa ajili hiyo watu wanatoka hadi Makorora kuja kununua kwetu. Kila dumu lilitoa zawadi ya karibu lita moja. Madumu yaliyopimwa tangu Julai yalikuwa 58.

Tulipofika hapo mdogo wangu aliangalia kamera. Akasema, "Kwa hiyo dada, mwizi ni baba."

Tukacheka, halafu nikaona anajifuta macho kwa kiganja, nami huku nikafanya hivyohivyo.

Baadaye nilitafuta kusoma kama wajinga ni sisi tu. Watafiti wawili, Nicole DeHoratius na Ananth Raman, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wao wa kumbukumbu karibu 370,000 za mali katika maduka 37 ya kampuni moja kubwa ya rejareja. Asilimia 65 ya kumbukumbu hizo hazikulingana na kilichokuwa dukani. Kampuni hiyo ilikuwa na kompyuta na watu wa kulipwa, si mama na kijana wake na gunia la chumvi. Kwa hiyo mtu akiniambia programu yake iko sahihi asilimia mia kwa sababu hajawahi kuona tofauti, huwa namwuliza mara ya mwisho alihesabu lini.

Sisemi mtupe programu. Mimi sikuitupa, na ningerudi kwenye daftari ningekuwa mjinga mara ya pili. Nimeona mambo haya yakifanya kazi nzuri. Mwaka 2016 Uingereza ilichagua taasisi sita za hospitali kujaribu mpango uitwao Scan4Safety, wa kuskani mgonjwa, kifaa na mahali. Ripoti iliyotoka 2020 ilieleza kwamba saa kama 140,000 za wahudumu zilirudi kwa wagonjwa, saa ambazo awali zilipotea kwa kutafuta na kuagiza vitu. Kifaa kikigundulika kina kasoro, unajua kimewekwa ndani ya mwili wa nani. Nilipokuwa mwanafunzi wa stashahada nyumbani, wodi yetu ilikuwa na leja na kadi ya stoo inayoning'inia kwenye rafu. Mzigo wa Bohari ya Dawa ukichelewa tulikuwa tunazunguka wodi kwa wodi kuazima glavu. Najua thamani ya kujua.

Kwetu Ngamiani tumebadilisha machache tu. Kila mzigo unapoingia, katoni moja ya kila aina inafunguliwa na kuhesabiwa kabla ya kuskaniwa, hata kama tumeinunua miaka kumi. Kosa la kipimo, yaani katoni ni pakiti ngapi, dumu ni makopo mangapi, ndilo linalozaa mapengo makubwa kuliko mengine yote, na mara nyingi limefanywa na huyo huyo anayelalamika. Dumu la mafuta sasa limeandikwa lita 19. Sikutaka kopo libadilishwe.

Tumeongeza pia mteja mpya kwenye programu, jina lake "Nyumbani". Sukari ya Ijumaa inauzwa kwa Nyumbani kwa shilingi sifuri. Kuna na "Msiba na sherehe". Mwanzoni mama alinuna, akidhani nataka kumpangia. Nikamwambia, "Mama, chukua unachotaka, mali ni yako. Nataka tu mashine ijue umechukua wewe, isije ikamsingizia mtoto." Sasa ndiye anayemkumbusha mdogo wangu: andika, andika!

Kuhesabu kila kitu mwisho wa mwaka tumeacha, kunachosha na kunachelewa. Kila Jumamosi tunahesabu bidhaa tano. Zile zinazokwenda haraka au za bei kubwa, kama sukari na mafuta, zinarudi kila mwezi. Viberiti mara moja kwa miezi mitatu vinatosha. Na tunahesabu kama kabati la wodini: yeye anasema alichokiona kabla mimi sijamsomea kilichoandikwa. Pengo likiwa la wiki moja unaweza kukumbuka ni nini kilitokea. La miezi sita linakuwa kesi.

Faida kubwa kuliko zote imekuwa kwenye kuagiza, ambako zamani tulikuwa tunabahatisha. Mfano sabuni hiyohiyo. Tunauza pakiti kama 12 kwa siku. Tukiagiza Dar es Salaam mzigo unatufikia kwa siku tano, kwa hiyo tunahitaji pakiti 60 za kutuvusha. Tunaongeza akiba ya siku tatu, lori likiharibika njiani, pakiti 36. Jumla 96. Stoo ikishuka hadi 96 simu inalia, anaagiza. Hatungoji rafu ipauke. Madaftari ya shule tunayapandisha kiwango mwezi mmoja kabla ya muhula, kwa sababu programu inajua wastani wa jana, haijui kalenda ya shule. Vyenye tarehe ya kuisha vinapangwa cha karibu mbele, kama tunavyopanga dawa: kinachoisha mapema kitoke mapema, hata kama kimeingia jana.

Wanaoniuliza niwatajie programu: Loyverse, Zoho Inventory na Odoo ni baadhi ya zinazotumika sana, na zingine sehemu yake ya msingi haina malipo. Mimi huangalia mambo mawili tu. Iwe inaweza kurekodi mauzo umeme au mtandao ukiwa umekatika, kisha ikapeleka yenyewe ukirudi, maana Tanga si Leeds. Na iwe na namba ya siri ya kila mtu, siyo moja ya wote. Hiyo ya pili watu hudhani ni ya kumkamata mkosaji. Kwetu imemlinda mdogo wangu kuliko ilivyonilinda mimi. Pamewahi kutokea pengo la chumvi, tukatazama, kumbe aliyebonyeza vibaya alikuwa binamu aliyeshika duka siku mbili.

Kitu kimoja nimekizima kabisa. Ile arifa ya mauzo ya kwanza ya asubuhi, ya kunionyesha amefungua saa ngapi, nimeiondoa kwenye simu yangu. Naona mali. Saa zake ni zake.

Kuhusu kundi la familia: niliandika pale pale nilipoandika mara ya kwanza, baba wadogo wakisoma, kwamba kosa lilikuwa langu, na nikaweka hesabu zote, 244, 50, 24, 58, mmoja baada ya mwingine. Dada wa Muscat alijibu kwa vikaragosi vya kulia. Baba mdogo mkubwa akaandika, "Tumeelewa," basi. Mdogo wangu hakuandika kitu. Alirudi stoo Jumatatu iliyofuata, lakini kwa miezi kadhaa alikuwa akinijibu kwa adabu tupu, ndiyo dada, sawa dada, na hakuna kinachouma kama ndugu anayekujibu kwa adabu tupu. Ule utani wake wa zamani ulirudi taratibu sana.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya madaftari. Nikafungua kompyuta, nikaona amekwisha kuketi mbele ya rafu na kalamu sikioni.

"Dada," akasema, "leo tubadilishane. Mimi nasoma cha kwenye mashine, wewe hesabu kwenye video."

Nikahesabu, nikapata dazani 41. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya hakimu kwamba mashine inasema 42, na angependa nielezwe, yaani nieleze, mali imekwenda wapi. Nikahesabu tena. Moja ilikuwa chini ya simu, imeishikilia isianguke.